Kamera isiyodai betri: Kwa nini Olympus Trip 35 ya mwaka 1967 bado inapiga picha

Wakati kampuni za Japani zikirejea kwa tahadhari kwenye kamera za filamu, kamera ndogo iliyoingia sokoni zaidi ya nusu karne iliyopita ingali ikifanya kazi bila betri hata moja. Makala hii inaeleza jinsi Olympus Trip 35 ilivyoundwa, kwa nini imeishi kuliko wenzake waliokuwa na uwezo mkubwa zaidi, na ni wapi uimara wake unapokomea.

Mwezi Juni 2024 kampuni ya Ricoh Imaging ya Japani ilitangaza kamera mpya kabisa ya filamu, iliyopewa jina la Pentax 17. Tangazo hilo liliwashangaza wengi, kwa kuwa soko la picha lilikuwa limekwisha kutekwa na kamera za kidijitali, na baadaye simu za mkononi. Waliolifuatilia waligundua kwamba mambo mengi ya kamera hiyo mpya yalikuwa ya zamani. Mpigapicha anausogeza mkanda wa filamu kwa wenzo, kwa nguvu ya mkono wake. Umbali wa kitu anachokipiga anauchagua kwa alama ndogo za michoro. Nafasi moja ya picha ya kawaida hugawanywa mara mbili, hivyo mkanda wa picha 36 ukatoa picha 72.

Hata hivyo, ndani ya Pentax 17 mna betri moja aina ya CR2. Betri hiyo ikiisha, kamera haipigi tena mpaka ipatikane nyingine.

Hapo ndipo kamera ya mwaka 1967 inapopata nafasi ya kuzungumziwa upya. Olympus Trip 35 nayo inapima mwanga wenyewe, inachagua wenyewe kiasi cha mwanga kitakachoifikia filamu, na humkatalia mtumiaji pale picha inapoelekea kuharibika. Yote hayo inayafanya bila betri, bila waya wa kuchajia, na bila kipande chochote cha programu. Ilitengenezwa kuanzia mwaka huo wa 1967 hadi mwaka 1984, ikauzwa kwa mamilioni, na nyingi kati ya hizo bado zinafanya kazi katika mikono ya watu ambao hawakuwa wamezaliwa kiwanda kilipoacha kuziunda.

Swali la makala hii ni rahisi kuliuliza: kwa nini kamera hii, ambayo haikuwa bora kuliko zote za wakati wake, imeweza kudumu hivyo? Jibu lake limo katika umbo lake.

Mwanga unaogeuka umeme

Mtu anayeishika Trip 35 kwa mara ya kwanza huvutiwa na pete ya vijipovu vya plastiki inayoizunguka lenzi. Wengi hudhani ni pambo. Kumbe hilo ndilo jicho la pili la kamera. Chini ya vijipovu hivyo mna seli iliyopakwa tabaka jembamba la madini ya seleniamu.

Seleniamu ina tabia ambayo wanasayansi wa Uingereza, William Grylls Adams na Richard Evans Day, waliitambua mwaka 1876: inapopigwa na mwanga, huzalisha umeme. Ni jamaa wa zamani wa paneli za sola zinazoonekana leo juu ya mapaa ya nyumba nyingi. Umeme unaozalishwa na seli ya Trip 35 ni mdogo mno, hauwezi kuwasha hata taa ndogo. Lakini unatosha kuusogeza mshale mwembamba ulio ndani ya kamera. Mwanga ukiwa mkali, mshale husogea sana. Mwanga ukififia, mshale hurudi nyuma.

Ufundi wenyewe unaanza kidole kinapobonyeza kitufe. Kipande cha chuma chenye ngazi ndogo ndogo hupanda na kuubana mshale pale pale ulipo. Ngazi inayokutana na mshale ndiyo inayoamua kitakachofuata, yaani tundu la lenzi lifunguke kwa upana gani na kilango cha mwanga kiachwe wazi kwa muda gani. Umeme wa seli haufanyi kazi nzito yoyote. Kazi yake ni kuonyesha tu. Nguvu ya kuvisukuma vyuma inatokana na kidole cha mtumiaji, na nguvu ya kukifungua na kukifunga kilango inatokana na springi iliyokazwa wakati filamu inaposogezwa.

Kwa maneno mengine, waundaji waligawa kazi kulingana na nguvu iliyokuwapo bila gharama: jua lipime, kidole kisukume, springi ifyatue. Hakuna hata hatua moja iliyoachwa imtegemee muuza duka wa vifaa vya umeme.

Mahali ilipowekwa seli nako kuna hekima yake. Kwa kuwa inaizunguka lenzi, mpigapicha anapofunga kichujio cha rangi mbele ya kamera, kichujio hicho huifunika lenzi na seli kwa pamoja. Mwanga unaopungua kwenye filamu unapungua vilevile kwenye kipimo, na kamera hujirekebisha bila mtumiaji kufanya hesabu yoyote. Katika kamera nyingine nyingi za wakati huo, ambazo jicho la kupimia lilikuwa pembeni, hesabu hiyo ilikuwa ya mtumiaji mwenyewe.

Kasi mbili zinazotosha

Picha ya filamu inahitaji kiasi maalumu cha mwanga. Ukizidi, picha hufifia na kuwa nyeupe; ukipungua, huwa nyeusi na yenye chembechembe. Kamera hudhibiti kiasi hicho kwa njia mbili: ukubwa wa tundu la lenzi, na muda ambao kilango kinakaa wazi. Kamera za wataalamu za miaka ile zilikuwa na kasi kumi au zaidi za kilango, kuanzia sekunde nzima hadi sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Trip 35 ina kasi mbili tu: sehemu moja ya 200 ya sekunde kwa mwanga mzuri, na sehemu moja ya 40 kwa mwanga hafifu. Kasi ya kwanza inatosha kumnasa mtu anayetembea. Ya pili ndiyo ya polepole kiasi ambacho watu wengi wanaweza kuishika kamera mkononi bila mtikisiko wa mwili kuonekana kwenye picha.

Upungufu wa kasi unafidiwa na tundu, ambalo linaweza kupanuka hadi kipimo cha 2.8 na kubanwa hadi kipimo cha 22. Katika lugha ya upigaji picha, namba inapokuwa kubwa tundu huwa dogo. Kati ya vipimo hivyo viwili, kiasi cha mwanga kinachopita kinatofautiana takriban mara 60. Ukizidisha kwa tofauti ya kasi mbili za kilango, ambayo ni mara tano, unapata kamera inayoweza kukabiliana na mianga inayotofautiana mara 300 hivi. Upana huo unatosha tangu jua la adhuhuri kwenye mchanga mweupe hadi chumba chenye dirisha kubwa mchana.

Kwa mtengenezaji, kila kasi iliyoondolewa ilimaanisha gia, springi na visukumio vichache zaidi. Kila kipande kilichoondolewa ni kipande kisichoweza kuvunjika, kukwama wala kulegea. Ndiyo maana mafundi wanaozifungua kamera hizi leo hukuta matatizo ya uchafu na mafuta yaliyoganda mara nyingi zaidi kuliko vyuma vilivyokatika.

Kibendera chekundu kinachosema hapana

Labda sehemu inayokumbukwa zaidi na waliowahi kuitumia Trip 35 ni ile inayokataa kupiga. Mtumiaji akiwa mahali penye giza na akabonyeza kitufe, kibendera kidogo chekundu hupanda ndani ya kidirisha cha kutazamia, na kitufe hugoma kushuka. Hakuna picha iliyopigwa, na hakuna nafasi ya filamu iliyopotea.

Leo, mtu anayepiga picha mia kwa simu na kuzifuta tisini anaweza kukiona kibendera hicho kuwa kero. Lakini katika dunia ya filamu kila picha ilikuwa na bei. Mkanda ulikuwa na picha 24 au 36, na kila moja ililipiwa mara tatu: wakati wa kununua filamu, wakati wa kuipeleka kusafishwa, na wakati wa kuchapisha. Familia iliyopiga picha za harusi katika ukumbi wenye giza ingeweza kusubiri wiki nzima kabla ya kugundua kwamba haikupata kitu. Kibendera chekundu kiliileta habari hiyo mbaya mapema, wakati bado mtu anaweza kutoka nje, kusogea dirishani, au kufunga taa ya flashi juu ya kamera.

Utaratibu wake hauna muujiza. Mwanga ukiwa mdogo, mshale hausogei vya kutosha. Kipande chenye ngazi kinapopanda hakikutani nao pale panapotakiwa, hivyo hupita na kukisukuma kibendera. Sehemu ile ile inayopima ndiyo inayokataza. Hapakuwa na haja ya kuongeza chombo cha pili cha tahadhari.

Mtumiaji akiondoa pete ya lenzi kwenye herufi A, inayomaanisha kujiendesha, na kuchagua mwenyewe ukubwa wa tundu, kamera hubaki kwenye kasi ya sehemu moja ya 40 ya sekunde. Mpangilio huo uliwekwa kwa ajili ya taa ya flashi.

Umbali kwa michoro

Jambo jingine ambalo waundaji walilirahisisha ni fokasi, yaani kuiweka lenzi ili kitu kinachopigwa kionekane wazi. Kamera za gharama zilikuwa na kifaa cha kulinganisha taswira mbili ndani ya kidirisha mpaka zikutane. Kifaa hicho ni kizuri lakini ni cha vioo na vyuma vinavyohitaji kupangwa kwa usahihi mkubwa, na mshtuko wa kuanguka unaweza kukivuruga.

Trip 35 badala yake ina alama nne: kichwa na mabega ya mtu mmoja kwa umbali wa mita 1, watu wawili kwa mita 1.5, kundi la watu kwa mita 3, na mlima kwa vitu vya mbali. Mtumiaji anakadiria kwa macho, anazungusha pete, basi. Ndani ya kidirisha cha kutazamia kuna kitundu kidogo kinachoonyesha alama iliyochaguliwa, ili asilazimike kuishusha kamera kuhakikisha.

Je, kukadiria kwa macho kunatosha? Hesabu inaonyesha kwamba mara nyingi kunatosha. Lenzi ya Trip 35 ina urefu wa fokasi wa milimita 40, ambao ni mpana kidogo. Ikiwekwa kwenye alama ya mita 3 na tundu likiwa kwenye kipimo cha 8, vitu vyote vilivyo kati ya mita 2 na zaidi kidogo ya mita 5 vitaonekana wazi. Jua likiwa kali na tundu likabanwa hadi 16, eneo hilo hupanuka kutoka mita 1.6 hadi karibu mita 30. Kosa la kukadiria kwa hatua moja au mbili halionekani.

Hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili. Kwenye tundu pana la 2.8, eneo lililo wazi husinyaa na kubaki kati ya mita 2.6 na 3.5 hivi. Kwa hiyo picha zenye ukungu kutoka kwenye Trip 35 hupatikana zaidi jioni na ndani ya nyumba, pale kukadiria vibaya kunapoadhibiwa. Kamera hii iliundwa kwa ajili ya mchana, safari na watu waliosimama mahali penye mwanga. Jina lake, Trip, linalomaanisha safari, lilikuwa ahadi na mpaka kwa wakati mmoja.

Mahali fedha zilipokwenda

Ili kuelewa kwa nini Olympus iliweza kupunguza mengi hivyo bila kutoa kitu duni, inafaa kurudi nyuma miaka minane. Mwaka 1959 kampuni hiyo ilitoa kamera iliyoitwa Olympus Pen, kazi ya mhandisi kijana, Yoshihisa Maitani, aliyejiunga nayo mwaka 1956 baada ya masomo ya Chuo Kikuu cha Waseda mjini Tokyo. Maitani alijiwekea lengo lililoonekana kuwa la mzaha: kamera itakayouzwa kwa yen 6,000, bei ambayo ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya kamera za kawaida za Olympus.

Njia ya mkato ilikuwa kuweka lenzi ya bei nafuu. Maitani alifanya kinyume. Aliomba kwanza lenzi bora kabisa, akakubali kwamba imekula sehemu kubwa ya bajeti, kisha akaanza kuvitoa vitu vingine vyote kimoja baada ya kingine. Wenzo wa kusogezea filamu, ambao ulihitaji gia kadhaa, nafasi yake ilichukuliwa na gurudumu dogo linalojitokeza nyuma ya kamera na kuzungushwa kwa kidole gumba. Ukubwa wa picha ulipunguzwa nusu. Lenzi haikuguswa.

Mwaka 1961 ikafuata Pen EE, iliyokuwa na pete ya seleniamu kuizunguka lenzi pamoja na kibendera chekundu, kwa ajili ya watu waliotaka kubonyeza tu. Trip 35 ni mtoto wa ukoo huo. Imerudi kwenye ukubwa kamili wa picha, milimita 24 kwa 36, lakini imerithi pete ya vijipovu, kibendera, na gurudumu la kidole gumba.

Imerithi pia kanuni ya fedha. Lenzi yake, D.Zuiko, ina vioo vinne vilivyopangwa katika makundi matatu, kwa mpangilio uliotokana na lenzi ya Tessar iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1902. Ni mpangilio ambao umejaribiwa kwa miongo mingi, si ghali kupita kiasi, na hutoa picha kali hasa tundu linapobanwa kidogo. Katika miaka ya 1970 mpigapicha maarufu wa Uingereza, David Bailey, alionekana katika matangazo ya televisheni ya kamera hii. Ujumbe wa matangazo hayo ulikuwa kwamba kijikamera hicho cha mfukoni kinaweza kusimama kando ya mitambo mikubwa ya wataalamu. Matangazo hukuza mambo, lakini lenzi iliwapa watangazaji hao msingi wa kweli.

Betri zilizotoweka

Ubora wa Trip 35 huonekana zaidi inapowekwa kando ya kamera zilizokuwa na akili kuliko yenyewe. Mwaka 1966 kampuni ya Yashica ilitoa Electro 35, kamera ambayo kilango chake kinaongozwa na umeme kwa usahihi mkubwa. Mwaka 1970 Olympus yenyewe ilitoa 35 RC, ndogo na yenye kasi nyingi za kuchagua. Kwa mnunuzi wa siku hizo, zote mbili zilimpa uwezo ambao Trip 35 haikuwa nao.

Lakini zote mbili zilitegemea betri za zebaki: Electro 35 betri ya volti 5.6, na kipima mwanga cha 35 RC betri ndogo ya volti 1.35. Betri za zebaki zilipendwa kwa sababu volti yake haikushuka taratibu kadiri zinavyotumika. Ilibaki pale pale mpaka karibu na mwisho, na kwa chombo cha kupimia hiyo ni sifa kubwa.

Kasoro yake ilikuwa zebaki yenyewe, sumu inayodhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Japani inalijua hilo kwa uchungu. Katika mji wa Minamata, kusini-magharibi mwa nchi, maelfu ya watu waliathirika baada ya kula samaki waliobeba zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda cha kemikali, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956. Betri za kamera hazikuhusika na maafa hayo, lakini dunia ilianza kuitazama zebaki kwa jicho jingine. Marekani ilipiga marufuku betri ndogo za oksidi ya zebaki kwa sheria ya mwaka 1996. Mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, uliopitishwa Japani mwaka 2013 na kupewa jina la mji huo wa Minamata, ulianza kutumika mwaka 2017 na kuweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza betri nyingi zenye zebaki.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Hata hivyo, uliziacha kamera nyingi nzuri zikiwa yatima. Betri za kawaida za sasa zenye umbo linalofanana hutoa volti 1.5 badala ya 1.35. Tofauti hiyo ndogo hukidanganya kipimo kione mwanga mwingi kuliko uliopo, na picha hutoka nyeusi. Wenye kamera hizo hutafuta vipunguza volti, au hubadili mpangilio wa filamu ili kufidia kosa. Inawezekana, lakini inahitaji maarifa.

Trip 35 haikuguswa na lolote kati ya hayo. Waundaji wake hawakutabiri mkataba wa mwaka 2013. Walichokifanya ni kuhakikisha kwamba chombo hakitegemei kitu kinachoweza kuondolewa na mtu mwingine. Mwaka 1967 hiyo huenda ilikuwa hesabu ya gharama tu. Leo ndiyo inayotenganisha kamera inayopiga na kamera inayopamba rafu.

Mipaka ya uimara

Haitakuwa kweli kusema kwamba kamera hii ni ya milele. Biashara iliishinda kabla ya uzee. Mwaka 1977 kampuni ya Konica ilitoa C35 AF, kamera ya kwanza iliyotengenezwa kwa wingi ikiwa na uwezo wa kuweka fokasi yenyewe, na miaka miwili baadaye Canon ikafuata na AF35M. Wanunuzi hawakutaka tena kukadiria mita kwa macho. Mwaka 1984 utengenezaji wa Trip 35 ulikoma. Olympus nayo iliiachia kampuni nyingine biashara yake yote ya kamera kuanzia Januari 2021.

Seleniamu pia huzeeka. Unyevu unapopenya ndani ya seli, au nyaya zake zinapopata kutu, umeme hupungua, mshale hulegea, na kibendera chekundu huanza kupanda hata juani. Seli mpya hazitengenezwi tena. Fundi hulazimika kuitoa moja kutoka kwenye kamera nyingine iliyokufa. Kila ukarabati wa aina hiyo hupunguza idadi ya kamera zilizobaki. Ni uimara mkubwa, lakini ni wa kula akiba.

Katika miji yenye joto na unyevu, kama ile ya pwani ya Afrika Mashariki, adui mwingine ni kuvu inayoota juu ya vioo vya lenzi na kuchora nyuzi kama utando wa buibui. Kamera iliyofungiwa kwa miaka mingi kwenye mfuko wake wa ngozi huathirika zaidi, kwa sababu ngozi huhifadhi unyevu. Ni heri ikae mahali pakavu penye hewa, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu.

Ukiikuta kabatini

Kamera nyingi za aina hii ziliingia majumbani kupitia ndugu waliosafiri, wanafunzi waliorejea kutoka masomoni, au mabaharia. Msomaji anayeikuta moja kwenye kabati la wazazi anaweza kuipima kwa dakika chache, bila filamu na bila fundi.

Kwanza, weka pete ya lenzi kwenye herufi A, kisha zungusha gurudumu la nyuma mpaka ligome. Ziba lenzi na pete ya vijipovu kwa kiganja, halafu bonyeza kitufe. Kibendera chekundu kinapaswa kupanda, na kitufe kinapaswa kukataa. Pili, iondoe mikono, ielekeze kamera dirishani au nje penye mwanga, ubonyeze tena. Safari hii isikatae. Usikie mlio mfupi mkavu wa kilango. Kamera ikikataa gizani na ikakubali kwenye mwanga, seli ya seleniamu ingali hai.

Tatu, fungua mlango wa nyuma na uangalie sponji nyeusi zilizobandikwa pembezoni. Kazi yake ni kuuzuia mwanga usipenye, na baada ya miaka mingi hugeuka utelezi unaonata kama lami. Hilo si tatizo kubwa. Mabaki hufutwa kwa pamba yenye spiriti, na sponji mpya nyembamba hubandikwa mahali pake. Mwisho, itazame lenzi dhidi ya mwanga kuona kama ina nyuzi za kuvu.

Ikipita majaribio hayo, kilichobaki ni filamu. Trip 35 inakubali filamu zenye wepesi wa kuanzia 25 hadi 400, na namba iliyoandikwa kwenye kasha la filamu ndiyo inayopangwa kwenye pete ya mbele. Filamu ya 400 humpa mtumiaji nafasi zaidi jioni na ndani ya nyumba. Ya 100 au 200 inafaa kwa jua kali. Kupata filamu na mahali pa kuisafisha kumekuwa kugumu na kwa gharama katika miji mingi, na mwenye kamera atafanya vyema kuuliza kwanza kabla ya kupiga picha za tukio lisilorudiwa.

Kuhusu chombo chenyewe, maelekezo hayajabadilika tangu mwaka 1967. Kadiria umbali, zungusha pete, bonyeza. Kibendera chekundu kikipanda, sogea kwenye mwanga.